Bibi yule hakuanguka na ungo

Mazoea yetu ni kuanza na historia. Leo naomba nianze na deni. Ni deni langu mwenyewe, na lina umri wa zaidi ya miaka 20.

Mwaka 2004 nilikuwa kijana aliyetoka tu kumaliza stashahada ya uandishi wa habari, nikapata kibarua katika kituo kimoja cha redio jijini Dar es Salaam. Asubuhi moja tulipigiwa simu kwamba katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa jiji amekutwa bibi kizee, hana nguo hata moja mwilini, ameketi chini ya mwembe katika uwanja wa nyumba isiyo yake. Nilipofika nilikuta umati wa watu, wengine wameshika mawe. Maelezo yalikuwa mamoja kwa kila niliyemwuliza: bibi huyu ni mchawi, usiku alikuwa angani na wenzake, kumekucha hajafika kwake, ungo umemwangusha. Ushahidi ulikuwa nini? Yuko uchi. Hajui amefikaje pale. Akiulizwa jina lake anataja jina la kijiji. Akiulizwa anakwenda wapi, anasema anakwenda kwa mama yake.

Bahati njema polisi waliwahi, wakamfunika khanga, wakamwondoa. Mimi nikarudi ofisini mbio, nikaandika kwamba bibi kizee ameanguka na ungo. Habari ikasomwa mchana, ikapendwa, ikarudiwa usiku. Siku ya tatu alikuja ofisini mwanamume wa makamo, akaniulizia kwa jina. Hakupandisha sauti. Alisema: "Mdogo wangu, yule ni mama yangu mzazi. Huu ni mwaka wa tatu anapotea njia. Usiku ule tulisahau kutia komeo." Nikamwambia tutalishughulikia. Hatukulishughulikia. Baadaye nikasikia kwamba familia ile ilihama mtaa.

Sikusudii kuanzisha ubishi kama uchawi upo ama haupo. Ubishi huo una wenyewe. Nataka tuulizane jambo jingine: mzee anapoanza kupoteza kumbukumbu, tunampa jina gani? Maana historia inatufundisha kwamba jina ndilo linaloamua atapelekwa wapi. Akiitwa mgonjwa atapelekwa hospitali. Akiitwa mchawi atapelekwa kunakojulikana. Na akiambiwa "ni uzee tu", hatapelekwa popote.

Tuanze mbali kidogo, huko Ujerumani. Mwezi Novemba 1901, katika jiji la Frankfurt, mwanamke mmoja aitwaye Auguste Deter alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili na wenye kifafa. Alikuwa na miaka 51, na mumewe alikuwa karani wa reli. Mambo yalianza kwa wivu usio na sababu. Mama huyo akamshuku mumewe, kisha akaanza kuharibu mapishi aliyoyapika maisha yake yote, akaficha vyombo na kusahau alikovificha, akazunguka nyumba nzima bila kujua anatafuta nini. Daktari aliyempokea aliitwa Alois Alzheimer. Alimwuliza jina lake, akajibu: Auguste. Akamwuliza jina la ukoo, akajibu: Auguste. Akamwuliza jina la mumewe, mama yule akafikiri kidogo, akasema anadhani ni Auguste.

Nilipoyasoma maswali na majibu hayo kwa mara ya kwanza nilijikuta niko tena chini ya ule mwembe. Tofauti ilikuwa moja tu: yule wa Frankfurt aliulizwa na mtu aliyeshika kalamu, na wetu aliulizwa na watu walioshika mawe. Nami nilikuwa nimeshika kalamu vilevile, lakini mchana ule haikumsaidia.

Auguste Deter alifariki dunia mwezi Aprili 1906. Wakati huo Alzheimer alikuwa amehamia Munich, na ubongo wa marehemu ukapelekwa kwake. Aliuchunguza kwa darubini akakuta umesinyaa. Kati ya chembe hai za ubongo kulikuwa na vinundu vya uchafu, na ndani ya chembe zenyewe kulikuwa na nyuzi zilizosokotana. Tarehe 3 Novemba 1906 aliwaeleza madaktari wenzake waliokutana mjini Tübingen. Alipomaliza hakuna aliyeuliza swali. Miaka minne baadaye, mwaka 1910, mkubwa wake wa kazi, Profesa Emil Kraepelin, aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer katika kitabu chake cha mafunzo ya udaktari.

Basi mtu atadhani kwamba tangu hapo Wazungu walielewa. La hasha. Kwa kuwa Auguste alikuwa na miaka 51, wataalamu waliuhesabu ugonjwa huo kuwa wa watu ambao hawajazeeka, tena wa nadra. Mtu wa miaka 75 aliyekuwa na dalili zilezile aliambiwa kuwa akili yake imezeeka, yaishe hapo. Ilipita miaka 66. Mwaka 1976 daktari wa mishipa ya fahamu nchini Marekani, Robert Katzman, aliandika kwamba mpaka huo wa umri hauna msingi: wanaosahau uzeeni wengi wana ugonjwa uleule wa Auguste, wala si wachache. Tangu siku zile ndipo fedha za utafiti zilipoanza kupatikana. Kwa hiyo ndugu zangu, tusijidharau kupita kiasi. Neno "ni uzee tu" halikutungwa Afrika.

Siku hizi madaktari huuita upotevu huo wa kumbukumbu na fahamu kwa jina la jumla la demensia. Ugonjwa wa Alzheimer ni sababu moja, tena kubwa kuliko zote. Sababu nyingine ni kuharibika kwa mishipa midogo ya damu kichwani, jambo linalofuatana na shinikizo la damu, kisukari na kiharusi. Si lazima mtu azeeke ndipo apatwe, na si kila mzee hupatwa. Wapo wazee wa miaka 90 wanaokumbuka hata bei ya kibaba cha unga cha ujana wao.

Sasa turudi kwetu. Hospitali za wagonjwa wa akili zilifika Afrika Mashariki mapema. Katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe, kuna mahali panapoitwa Lutindi. Mwaka 1896 Wajerumani walifungua hapo makazi ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwaka 1904 pakageuzwa kuwa pa kuwatunzia wagonjwa wa akili. Nairobi walifungua yao mwaka 1910, katika majengo yaliyokuwa ya kuwatengea wagonjwa wa ndui, na baadaye ikajulikana kwa jina la Mathari. Mirembe ya Dodoma ilijengwa na Waingereza katika miaka ya 1920. Zanzibar wana Kidongo Chekundu, na Uganda walifungua Butabika mwaka 1955.

Angalieni majina hayo yalivyoingia mitaani. Mtoto wa Dar es Salaam akitaka kumtukana mwenzake humwambia apelekwe Mirembe. Mzanzibari atataja Kidongo Chekundu, na Mnairobi atataja Mathari. Jina la mahali pa tiba limekuwa tusi. Ni nani basi atakayekubali kumpeleka mama yake mzazi mahali ambapo jina lake tu ni tusi?

Hilo lina chanzo chake. Hospitali za kikoloni hazikujengwa kwa ajili ya bibi aliyesahau. Zilijengwa kwa ajili ya mtu aliyevunja amani: aliyekamatwa njiani, aliyepiga watu, aliyefikishwa mbele ya hakimu. Bibi aliyekaa kimya jikoni akiongea na marehemu dada yake hakumsumbua bwana shauri. Kwa hiyo hakuandikwa katika daftari lolote.

Kutoka katika daftari hilo lenye upungufu ndiko zilikotoka hukumu kubwa. Mathari iliongozwa tangu mwaka 1938 na daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Aliwahesabu Waafrika waliofikishwa hospitalini, akawaona ni wachache, na kutokana na wachache hao akatoa maelezo juu ya akili ya Mwafrika kwa jumla. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu. Wasomi wa baadaye, wakiwamo madaktari Waafrika, waliyakosoa mawazo yake vikali, na sababu yao moja ni rahisi kwa kila mtu kuielewa: huwezi kuhesabu samaki wa bahari kwa kuwatazama waliokwisha kufika sokoni.

Wakati daftari la hospitali lilimkosa bibi, daftari la sheria lilimpata. Mwaka 1928 serikali ya Waingereza katika Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi, na mpaka leo imo katika vitabu vya sheria za Tanzania. Sheria hiyo inakataza uchawi, lakini ina kifungu kinachompa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa akaishi mahali pengine, endapo shaka hiyo inawatia watu hofu. Shaka peke yake yatosha kumhamisha mtu. Nilipokisoma kifungu hicho nilimkumbuka yule mwanamume wa makamo na familia yake waliohama mtaa. Wao hawakuamriwa na mkuu wa wilaya. Waliamriwa na redio.

Tunajua yaliyotokea katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Tangu miaka ya 1970, na kwa miongo kadhaa, wazee waliuawa kwa mapanga usiku kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake, wengi wajane. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa alama, na hali macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka 50. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, mvi zenyewe zimekuwa hatari, kwa wanaume na kwa wanawake. Yapo mashamba na urithi nyuma ya mauaji hayo, si ugonjwa peke yake. Sisemi kwamba kila mzee aliyeuawa alikuwa na demensia. Ninasema hivi: mzee anayezungumza peke yake, anayetoka nje usiku, anayewashutumu wakwe zake kuwa wamemwibia, anayevua nguo mbele za watu, amezibeba alama zote ambazo kijiji hukifanya kimwogope mtu. Na kila moja ya alama hizo imo katika maelezo ya madaktari ya ugonjwa huu. Ndiyo maana wagonjwa wengi huzidiwa jioni, giza linapoingia. Ndiyo maana hutaka "kwenda nyumbani" wakati wapo nyumbani: nyumba wanayoitafuta ni ile ya utotoni, na mama wanayemwendea amekufa miaka 40 iliyopita.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba Waafrika hawapatwi sana na maradhi haya. Jibu lenye uzito kwa upande wa Tanzania lilitoka chini ya Mlima Kilimanjaro, wilayani Hai. Kati ya mwaka 2009 na 2010 watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita katika vijiji sita, wakawapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Walipolinganisha na umri, walikuta demensia kwa watu 6.4 katika kila 100. Hicho si kiasi cha nadra. Kinakaribiana na kinachopatikana katika nchi tajiri. Uchunguzi mwingine huko huko uliwauliza jamaa za wagonjwa pamoja na waganga, na wengi wakajibu kama yule profesa wa zamani angalijibu: ni uzee tu.

Kilichonifurahisha ni jinsi kipimo kilivyotengenezwa. Vipimo vya Ulaya humtaka mgonjwa aandike sentensi au achore mchoro. Kwa bibi ambaye hakuona mlango wa shule, hicho si kipimo cha kumbukumbu bali ni cha kusoma. Basi likaundwa jaribio fupi linalowafaa wazee wa Afrika. Mzee huulizwa daraja ni kitu gani. Huulizwa leo ni siku gani, na kiongozi wa kijiji chao ni nani. Hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Husomewa maneno 10, baadaye akaulizwa anayakumbuka mangapi. Kisha mpimaji hupanga njiti za kiberiti mezani, naye mzee hupanga zake zifanane. Kiberiti, ndugu zangu. Kila nyumba inacho.

Mtu atauliza: ukishajua, dawa iko wapi? Swali ni la haki. Dawa ya kuuondoa ugonjwa wa Alzheimer haijapatikana mpaka leo. Lakini kujua kuna faida nne.

Ya kwanza, si kila aliyechanganyikiwa ana ugonjwa huu. Mzee aliyekuwa na akili timamu Jumapili na Jumatano anaweweseka huyo ana jambo la haraka: pengine malaria, pengine homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, au dawa alizochanganya. Huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, na aghalabu hurudiwa na fahamu zake. Vilevile kuna sonona, yaani huzuni nzito inayogeuka maradhi. Mjane aliyeacha kula, asiyelala, asiyejibu akiulizwa, anaweza kuonekana amesahau kila kitu, kumbe moyo ndio uliokufa ganzi. Sonona hutibika, hata kwa mtu wa miaka 80. Upungufu wa vitamini fulani na maradhi ya tezi ya shingo nayo hutibika.

Ya pili ni kinga. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa mataifa mbalimbali lilikadiria kwamba karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa huo kama mambo 14 yangerekebishwa katika maisha. Mengi tunayafahamu: shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe ya kupindukia, uziwi usiotibiwa, macho yasiyotibiwa, upweke, na kukosa elimu utotoni. Mwaka 2021 watu milioni 57 duniani waliishi na demensia, na zaidi ya 60 katika kila 100 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama zetu. Basi wewe wa miaka 45 kama mimi, kapime shinikizo lako leo.

Ya tatu ni matunzo. Huko Hai walijaribu pia tiba isiyo ya vidonge. Wazee wenye demensia walikusanywa katika vikundi vidogo kwa vikao 14, wakaongozwa katika mazungumzo, nyimbo, michezo na kukumbushana ya zamani. Wale waliohudhuria walionekana kupata nafuu ya fahamu. Nami nimewahi kujaribu na mzee mmoja wa ukoo wetu aliyeyasahau majina ya wanawe wote. Nilimwambia, "Babu, jungu kuu..." Akanikatisha palepale: "...halikosi ukoko!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Jina langu hakulijua, lakini methali ilikuwa pale pale alipoiweka tangu utoto.

Ya nne, nayo kwangu ndiyo kubwa, ni ulinzi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ile familia ya mwaka 2004 iliuficha ugonjwa wa mama yao kwa aibu, wakafunga komeo, na usiku mmoja komeo lilipokosekana majirani wakajipatia jina lao wenyewe. Laiti mjumbe wa nyumba kumi angalijua, na mwenye duka angalijua, na vijana wa kijiweni wangalijua kwamba mama huyu ni mgonjwa wa kusahau, akionekana arudishwe nyumba namba fulani! Kwa hiyo nawaomba wenye wazee wa namna hiyo: waambieni majirani. Shoneni namba ya simu katika pindo la khanga au kola ya shati. Na wale binti na wakwe wanaokesha nao, maana mzigo huu kwa kawaida huwaangukia wanawake, wapokezaneni, wasiachiwe peke yao mpaka nao wakaugua.

Kwa wenzangu wa kalamu na kipaza sauti nina neno moja. Faili la Auguste Deter lilipotea kwa miongo mingi, likaja kuonekana tena mwaka 1995 katika hifadhi ya hospitali huko Frankfurt. Ndipo dunia ikayasoma maswali yale na majibu yake, na kumjua mama huyo kwa jina na sura. Bibi zetu hawana mafaili. Wana vichwa vya habari. Atakayewatafuta baada ya miaka 100 hatakuta daktari aliyewauliza jina mara tatu. Atakuta sisi, na ungo.

Ndiyo sababu nasahihisha leo habari niliyoitoa mwaka 2004. Mhusika pengine hayupo tena duniani, na mwanawe pengine hanisikilizi. Lakini masahihisho ni haki ya aliyesemwa vibaya, awepo asiwepo. Bibi aliyekutwa chini ya mwembe hakuwa safarini angani. Hakuanguka kutoka popote. Alitoka kitandani kwake usiku, kwa miguu yake, akimtafuta mama yake, akapotea njia. Alikuwa mgonjwa, nami sikuuliza.

Tukijaliwa tutaonana juma lijalo. Kwaherini.